Mwalimu wa Ngoma Niliyemnyima Binti Yangu

Nilikuwa na miaka minane hivi mama aliponipeleka kwa mwalimu wa ngoma. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka. Wanadhani kila mtoto wa huku kwetu alizaliwa akijua kucheza. Hapana. Katika kijiji chetu cha Kamuli, enzi za utoto wangu, msichana alikuwa anapelekwa. Mama anabeba mkungu wa ndizi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, baba anabaki nyumbani akijifanya hana habari, na mtoto anaoshwa miguu mara mbili, maana ni miguu itakayotazamwa. Asiyefundishwa alikwenda harusini kukaa na wazee na kuwashikia wenzake watoto.

Mwalimu wa kilima chetu alikuwa mjane mmoja mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Nyumba zetu zote zilitandikwa nyasi sakafuni, lakini nyasi za kwake zilikuwa na kazi nyingine. Mtoto mgeni alisimamishwa juu ya nyasi zilizokatwa asubuhi ileile, akaambiwa ainue mikono kama pembe za ng'ombe na akanyage mpaka aambiwe basi. Mwalimu hakumtazama mtoto. Alisubiri amalize, kisha akainama kutazama nyasi. Zikiwa zimelala tu, hazikukatika, mtoto anacheza. Zikiwa zimekatika na kutawanyika, mtoto analima. Aliyekubaliwa, kikapu cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa, na mama yake akapewa punje ya kwanza. Hapo shauri limekwisha, mtoto ana mwalimu.

Mimi nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Nani aliniambia kuwa nguvu si kitu? Nilikanyaga mpaka jasho likaniingia machoni. Mwalimu akainama, akaokota unyasi uliokatika, akauinua juu ili wanawake wote wauone.

"Huyu mpe jembe," akamwambia mama. "Utavuna sana."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kikapu cha kahawa kikaanza kuzunguka, kwa sababu siku ile kulikuwa na mtoto mwingine aliyekubaliwa. Mama akanyoosha mkono kama wenzake. Mwalimu akakipitisha kikapu juu ya magoti ya mama, akampa aliyekaa nyuma yake. Nauona mkono ule mpaka leo, kiganja juu, ukibaki hewani, kisha ukirudi taratibu kufuta goti ambalo halikuwa na vumbi. Tukarudi nyumbani bila kahawa, bila kibuyu na bila mkungu. Ndizi zetu walizila wao.

Mama hakulizungumza jambo lile tena. Mimi nililizungumza na nafsi yangu kila siku. Watoto wa kilima kizima waliniita mwenye jembe, hata waliokuwa hawajui kisa. Nikakua nalo. Nilipoolewa na mkulima wa kahawa hapo hapo Kamuli, nilikaa harusini kwangu mwenyewe nikitazama wanafunzi wa yule mjane wakinichezea, na sikumpigia makofi hata mmoja. Miaka ikapita, bei ya kahawa ikapanda, tukaezeka bati. Mvua ilipopiga juu ya bati langu nilikuwa nalala nikitabasamu, nikijua kuwa nyumba ya nyasi ya kilimani inavuja.

Nilikataza jina lake lisitajwe mlangoni kwangu. Jirani akianza kuleta habari za bibi yule, nilinyanyuka kwenda kutazama chungu. Kwa hiyo mengi yaliyompata sikuyajua. Nilijitakia mwenyewe.

Binti yangu wa kwanza alianza kucheza kabla ya kuacha kunyonya. Sisemi kwa kumsifu kwa kuwa ni wangu. Alikuwa akitumwa kuchota maji, harudi. Ukimfuata unamkuta migombani, mtungi umewekwa chini, mikono juu, macho yamefumbwa. Alipofika miaka minane tulikwenda naye harusini mahali, na yule mjane, mzee sasa, akaombwa asimame acheze kidogo. Mimi nilitoka nje. Mtoto alibaki. Aliporudi kwangu alinivuta mkono.

"Mama, yule bibi anacheza ardhi haisikii," akasema. "Nipeleke kwake. Nitafanya kazi zote, mama. Nitachota maji asubuhi na jioni, nipeleke kwake tu."

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri, lakini si kuhusu yeye.

Njia ya kwenda Nyakatuntu, alikoolewa dada yangu, kulikuwa na mwalimu mwingine. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mjane zamani, wakagombana, akaondoka akafungua uwanja wake. Alifundisha kwa kelele. Wasichana wake walikanyaga vumbi likapanda mpaka kifuani, na watu wengi walipenda hivyo. Kila mtu alijua mjane hataki hata kumsikia. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Mume wangu, mtu asiyepandisha sauti, aliacha kuanika kahawa akanitazama.

"Mwalimu yuko juu hapa, mtoto anakwenda na kurudi kabla jua halijawa kali," akasema. "Wewe unampeleka mbali, akalale kwa watu, akafundishwe na yule mpiga vumbi. Kwa nini?"

"Kule watoto wanafundishwa kwa moyo."

"Mtoto mwenyewe amesema anataka nini?"

"Mtoto ana miaka minane," nikasema. "Hata senene anataka kuwala mwaka mzima."

Akarudi kwenye kahawa yake. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango, alisikia yote. Hakulia. Aliuliza tu kama bibi wa kilimani amemkataa. Nikamwambia ndiyo, amekukataa. Nilimdanganya mwanangu bila kupepesa macho, nikaona nimeua ndege wawili: mtoto ataacha kumlilia, na atamchukia kama mimi ninavyomchukia.

Ipo njia ya mkato ya kwenda kwa dada yangu. Sikuipita. Tulipanda kilima ili tupite mbele ya lango la mjane, na nilichagua mkungu mkubwa kuliko yote shambani, wa kubebwa na mwanamume. Niliuweka kichwani juu ya ngata mpya, shingo ikilia, nikapita pole pole. Yeye alikuwa amekaa langoni kwenye kigoda, uso ameuelekeza njiani. Sikumwamkia. Mwanamke wa umri wangu kumpita mzee bila shikamoo ni tusi ambalo hata mlevi hulikwepa. Nililitoa mchana kweupe, mbele ya mtoto.

"Nani huyo anayepita?" akauliza.

Nikausawazisha mkungu, nikaendelea kutembea. Ananiuliza mimi nani! Ananiona na mkungu wangu, ananiona na mtoto wangu, na bado anajifanya hanijui.

"Mama, bibi anakuuliza," mtoto akanong'ona.

"Twende."

Tulifanya hivyo mwaka mzima, kila binti yangu alipokwenda kukaa kwa mama yake mkubwa. Kila mara mkungu, kila mara uso ule langoni, kila mara "Nani huyo anayepita?" Mara moja mtoto aligeuka nyuma akasema shikamoo bibi, sauti ikiwa chini. Nilimfinya sikio mpaka kilima kikaisha.

Kisha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaoa. Harusi ilikuwa uwanjani kwetu, na wasichana wa Nyakatuntu waliitwa kucheza. Mzee yule naye alialikwa, kwa sababu hapakuwa na harusi Kamuli bila yeye kukaa mbele. Na kahawa ya wageni ilikuwa yangu kuitembeza, kwa kuwa ndimi mke wa kaka mkubwa wa nyumba ile. Niliipika mwenyewe na majani yake ya harufu, nikaianika mwenyewe, nikakiosha kikapu mara tatu. Sijawahi kuandaa kahawa kwa mapenzi kama yale. Nilijua nitakachofanya nacho tangu nikiwa na miaka minane.

Mzee akaja ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alipofika kwenye nyasi za uwanjani akasimama, akazipapasa kwa kidole cha mguu, kisha mjukuu akamkalisha chini kama anavyokalishwa mtoto. Nikaona macho yake. Yalikuwa meupe kama maziwa, yote mawili.

"Tangu lini?" nikamwuliza wifi yangu.

"Waitu, ndugu yangu, wewe unaishi wapi?" akanishangaa. "Mwaka wa tatu huu haoni kitu. Bado anawafundisha, anapapasa nyasi kwa mkono."

Mwaka mzima nilikuwa nimembebea kipofu mkungu. Shingo yangu bado iliniuma kwa ajili ya mkungu ule.

Ningeweza kuachia hapo. Nasema wazi kwamba niliweza, nilikuwa na nafasi, nilikuwa na akili zangu. Wasichana wa Nyakatuntu waliingia, binti yangu mbele, wakakanyaga, vumbi likapanda, nyasi zikaruka, watu wakapiga vigelegele. Walipomaliza nikachukua kikapu. Nikaanza upande wa wazee. Nikampa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee alikuwa amesikia kikapu kinavyokuja, akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikakiinua kikapu juu ya magoti yake, nikampa aliyekaa nyuma yake.

Ilikuwa tamu. Siwezi kusema uongo uzeeni. Ilikuwa tamu kuliko rubisi ya harusi ile, na nilitamani mama awe hai aone. Wanawake wa rika langu waliona, na mmoja akaziba mdomo. Lakini mzee hakujua kuwa amepitwa. Aliendelea kukaa vile vile, mkono mbele, akitabasamu kidogo kuelekea mahali nilipokuwa nimetoka.

"Kahawa ya leo inachelewa," akasema. "Lakini nasikia harufu yake, imepikwa vizuri."

Binti yangu akatoka kwenye mstari. Alikuja jasho linamtiririka, hakunitazama, akatia mkono kikapuni mwangu akachukua punje mbili. Akapiga magoti mbele ya mzee, akaziweka kwenye kiganja kile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaukamata mkono wake kabla haujaondoka. "Wewe umetoka kucheza, unahema. Ulikuwa wapi kwenye mstari?"

"Mbele."

"Lete mguu."

Mtoto akakaa, akampa mguu. Mzee akaushika kwa mikono miwili, akaupapasa kisigino, unyayo, vidole, kimoja kimoja. Akaomba aletewe nyasi mahali mtoto aliposimama. Mjukuu akamletea konzi moja. Akazichambua kwa vidole. Zilikuwa zimekatika zote, vipande vipande, kama za kwangu siku ile. Nilimsubiri aseme neno la jembe. Nilikuwa na jibu lake mdomoni, nililiandaa zaidi ya miaka ishirini.

"Mguu huu ni wa kucheza," akasema kwa sauti yake ndogo. "Sijashika mguu kama huu tangu nianze kufundisha. Nani amekufundisha kulima?"

Mtoto akataja Nyakatuntu.

"Na kwangu hukuja kwa nini? Si mko hapa hapa chini?"

"Ulinikataa, bibi."

"Mimi? Lini?" Akageuza uso huku na huku kana kwamba kuna mtu wa kumwuliza. "Sijawahi kushika mguu huu. Nani alikwambia?"

Binti yangu alinitazama wakati huo, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama," akasema.

"Basi mama yako aliambiwa vibaya na watu," akasema mzee, akiupiga piga mguu ule taratibu. "Hakujua."

Nilijua. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kikapu mkononi, na jibu langu la zaidi ya miaka ishirini halikuwa na mahali pa kwenda.

Mume wangu alimpeleka mtoto kilimani wiki ile ile, yeye mwenyewe, mwanamume na mkungu begani, watu wakicheka. Mzee alimkubali. Alimfundisha Jumamosi nne. Ya tano mtoto alirudi mapema, akasema bibi amelala hawezi kuinuka, na kabla ya mvua kwisha tukamzika. Kisigino cha binti yangu kilikuwa kimeshazoea kulima. Alijaribu peke yake migombani mwaka mmoja hivi, kisha akaacha, na mtungi ukawa unarudi nyumbani kwa wakati.

Yule mzee sijamsamehe. Nimejaribu kanisani, nimejaribu kaburini kwake, nikikumbuka mkono wa mama inakataa. Sijui binti yangu anakumbuka mkono upi, na sijamwuliza.

Yeye naye alizaa msichana, na msichana akafika miaka minane. Nikasikia kwa majirani kuwa kuna mwalimu ametafutwa. Sikuulizwa. Usiku ule nilisuka ngata mpya, alfajiri nikaingia shambani nikakata mkungu mzuri, si mkubwa sana, wa kunitosha mimi na umri wangu, nikakaa nao kando ya njia nikiwasubiri. Jua lilipopanda akapita mtoto wa jirani anakwenda kisimani, akaniamkia, akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia. Akasema walishapita kwa njia ya mkato, kukiwa bado giza.