Misumari Mdomoni mwa Fundi Kimya

Fundi wa makochi ukimkuta kazini usitegemee salamu ndefu. Ile misumari midogo ya kukazia kitambaa huiweka mdomoni. Ulimi unausukuma mmoja hadi midomoni, vidole vinaupokea, nyundo inagonga. Mkono huu umevuta kitambaa, ule una nyundo, sasa misumari ishikwe na nani? Ndiyo maana huyu bwana watu walimwita Fundi Kimya. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari lini, anainua nyundo kuelekea kalenda ya ukutani, nawe unaondoka umeridhika kama vile umehutubiwa. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Jina la utani likaizoea kazi mpaka likawa ndiyo kazi yenyewe. Mtu akikalia kiti kisichommeza makalio, anauliza, "Hiki cha Kimya, au naota?"

Sasa, mkewe alikuwa na kaka, mtu mzima mwenye maneno matamu na ujuzi wa kompyuta, asiye na shughuli maalumu. Huyo shemeji ndiye aliyemshawishi afungue tovuti.

"Shem, siku hizi mtu anatafuta kochi akiwa amelala juu ya kochi," alimwambia. Kimya alicheka nusura ameze msumari.

Siku ya kuifungua, shemeji alikuja na kompyuta yake karakanani, akakaa kwenye fremu isiyo na springi, akaipakata.

"Picha za viti vyako zinahitaji mahali pa kukaa," alisema. "Kuna kampuni inapangisha nafasi, na hiyo utakuwa unailipia mwenyewe kila mwaka. Limebaki jina la kuandika kwenye simu ili mtu afike huko. Nimeangalia, fundikimya halijachukuliwa. Ila wanauliza mwenye jina. Niweke nani?"

Kimya alikuwa amevuta ngozi ya kiti cha daktari wa meno, na ngozi ukiilegeza katikati inakunja uso, hainyooki tena. Mdomo umejaa. Isitoshe, swali lenyewe lilimpita kando. Mwenye jina awe nani tena, kama si yule anayeitwa hivyo? Alidhani anaulizwa barua za wateja zipitie kwa nani. Akainua nyundo, akamwelekezea shemeji yake, akaizungusha hewani: weka wewe, yaishe.

"Mimi? Haya, bosi." Akabofya.

Miaka ikaenda vizuri. Wateja walikuja kutoka mitaa ambayo Kimya hakuijua. Hadi siku moja mwalimu mstaafu, mteja wake wa enzi, alipompigia simu.

"Fundi, hongera kwa duka! Ila umenishangaza, siku hizi unauza makochi ya kiwandani?"

"Duka gani, mwalimu?"

"Si hili lililo kwenye tovuti yako!"

Kimya akafungua simu. Juu kabisa, jina lake. Chini yake, makochi yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi, na namba ya simu ya shemeji yake. Viti vyake mwenyewe, hata kigoda hakikuwamo.

Alikwenda kwenye ile kampuni anayoilipa. Dada wa dawati la wateja alimtazama kwa huruma, akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone.

"Picha zako hizi hapa, baba, zote zipo. Wewe umepanga chumba kwetu. Ila jina la tovuti ni kitu kingine. Lile ni kama kibao cha barabarani chenye mshale. Aliyeandikishwa kuwa mwenye kibao ndiye anayeamua mshale uelekee wapi. Ameugeuza."

"Kwa hiyo mimi nalipia chumba ambacho hakuna anayeijua njia yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na jina ni langu."

"Huku mtaani ni lako," dada akasema polepole. "Kwenye mtandao ni la aliyeandikwa."

Alimkuta shemeji dukani kwake, kwenye kiti cha kuzunguka.

"Nirudishie jina langu, shem."

"Shemeji, nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Ulijua nina misumari mdomoni."

"Si ungeitema?" Shemeji akacheka, akitazama wateja kama anaomba makofi. "Mimi ndiye niliyelihangaikia jina hili. Wewe ulikuwa unagonga tu."

Nyumbani mkewe alilia, kisha akafuta machozi kwa upande wa kanga na kusema alichokuwa amekiandaa. "Unataka nifanyeje, baba watoto? Nimkane kaka yangu kwa ajili ya neno la kwenye simu?"

Kimya hakumjibu. Na safari hii mdomo ulikuwa mtupu.

Tangu siku hiyo misumari anaiweka kwenye kisahani pembeni. Kazi imekuwa ya kuinamainama, mgongo unamuuma, lakini ukimuuliza jambo anakujibu palepale, kwa sauti, hata usilouliza. Alijaribu kufungua tovuti nyingine kwa jina alilopewa na baba yake. Safari hii aliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, penye mwenye jina na penye kila kitu. Hakuna aliyelitafuta. Nani alilijua?

Juzijuzi mama mmoja alishusha kochi mlangoni, jipya, limeshabonyea katikati kama mkate uliokaliwa. Kimya alilifumua, akatoa sponji iliyochoka kabla ya safari, akalisuka upya. Mama yule alipolikalia, alifumba macho.

"Loo! Hii ndiyo kazi! Si yule tapeli aliyeniuzia, anajiita Fundi Kimya. Majirani wote nimeshawaambia: mkisikia Kimya, kimbieni." Akatoa simu yake. "Wewe baba unaitwa nani, nikakutangaze?"

Kimya alifungua mdomo. Akamtazama yule mama, akalitazama lile kochi. Kisha akanyoosha mkono kwenye kisahani, akachota misumari, akaitia kinywani yote.