Dirisha la Kufunguka

Nikinusa dawa ya kung'arishia shaba, narudi kwenye duka la vyuma pale Busia, baba akichagua madirisha ya shaba ya mviringo ya chumba cha mashua yake mpya. Alitaka yasiyofunguka, kwa kuwa hayavuji. Mama akachukua moja, akamwekea usoni.

"Baba watoto, wingu likitanda ziwani nikuite kutoka ufuoni, utanisikia humu?"

Baba alicheka mpaka mwenye duka akacheka naye. Kisha akayarudisha, akachukua ya kufunguka. Yalivuja kila safari, na sikumsikia akilalamika.

Mashua haipo tena; dirisha moja limebaki. Nimelijengea kwenye ukuta wa jikoni. Wingu likitanda, nafunga madirisha yote. Hilo naliacha wazi.