Mzee Asione

Mke wangu Febronia hakuandika kimya. Kila herufi aliyoibonyeza kwenye simu aliitamka kwanza. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza na chai yangu, nasikia mwanzo wa neno: mzee. Hilo ndilo neno la kwanza aliponifundisha kusoma, nina miaka sitini na tatu. Kilichofuata alikitamka haraka, sikukishika. Nilidhani ananisifu.

Alikuwa fundi wa kushona, Remera, karibu na uwanja wa mpira. Miaka ishirini na miwili, mashine ileile. Alizaliwa Karagwe kama mimi, tukarudi pamoja nchi ya wazazi wetu, tukajenga Rebero. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na mdomo.

Wateja walipoanza kuulizia mishanana, zile nguo za sherehe za kufunga begani, kwa simu, akafungua ukurasa wa picha. Kila nguo aliipiga picha, chini yake akaweka alama ya reli na neno. Alinieleza mara moja tu. Ukigusa neno, picha zote zilizopewa neno hilo zinakuja pamoja, hata za watu usiowajua. Ni kama kuita jina sokoni, wakageuka wote wanaoitwa hivyo.

Ila hakuandika harusi wala kitenge. Aliandika alivyoona yeye. #atarudikuachia, kwa mteja aliyeapa amekonda, akataka ibanwe. #shingoyabata, kwa kola ndefu. Wateja walicheka, kisha na wao wakaweka maneno hayohayo kwenye picha zao. Mama wa Gitega aliyetaka gauni la kuficha tumbo alitafuta #nimeshiba, akalipata siku hiyohiyo.

Alikufa Mei mwaka jana. Presha. Siku tatu.

Misa ya mwaka ilipokaribia, mwanangu Cyusa alichagua picha ya kitambulisho iwekwe mbele kanisani. Kwenye ile Febronia anafanana na mtu aliyekamatwa na dumu la kanyanga, ile pombe haramu. Nilitaka picha ambayo anacheka. Lakini mpiga picha alikuwa yeye. Kwenye ukurasa wake mzima utaona vidole vyake tu, vimeshika pindo.

Nilimuuliza Jovia, jirani yetu, aliyeshona naye meza moja. Akasema hakuna picha kama hiyo, huku anatazama viatu vyangu. Nikamuuliza Athanasie wa nyumba ya chini. Naye akatazama viatu. Viatu vyangu havijawahi kupendwa hivyo.

Basi nikachukua simu ya marehemu, nikaandika neno ninalolijua. Mzee. Simu ikamalizia yenyewe: #mzeeasione. Picha mia mbili na kumi na sita.

Nilisoma kwa kidole. Nikarudia, labda nimekosea. Sikukosea.

Ya kwanza ilikuwa koti langu la kijivu, lile lililopotea kwenye kamba nikagombana na mlinzi wa jirani. Limekatwa, limekuwa sketi ya Jovia. Inayofuata, bakuli la nyama, Kwaresima, siku aliyoniambia sote tunafunga. Niliendelea. Zilizobaki nyingi hazikuwa zake. Viatu vipya vya Athanasie ndani ya gunia la mchele. Jovia nyuma ya usukani, anajifunza gari, tairi limepanda ukingo wa kona, na mumewe Eustache kila siku anatuambia hatapanda gari la mwanamke. Wengine siwajui, wa Bukoba, wa Dodoma. Mzee wao si mimi. Kila mmoja ana wake, na hakuna aliyewahi kuchungulia.

Ya mia na kitu ndiyo niliyoitafuta. Jovia aliipiga. Febronia amevaa kofia yangu, suruali yangu ameivuta mpaka kifuani, ameshika fimbo yangu, mdomo ameuning'iniza jinsi ninavyosimama chakula kikichelewa. Anacheka mpaka macho hayapo.

Nilikaa nayo. Chai ikapoa.

Asubuhi nikampelekea Jovia. Aliiona, akakaa.

“Muzehe, umeisoma?”

“Nimeisoma.”

“Na nyingine?”

“Unaendesha vizuri. Ila kona unazikata mapema.”

Akaomba. Nikitaka nichukue yoyote, ila hiyo isiende kanisani, wanaume watauliza imetoka wapi, na wakishajua neno wataingia wote. Akasema yeye amebakiza wiki mbili afanye mtihani wa udereva, Eustache akijua sasa yamekwisha.

“Mimi nataka hiyo tu,” nilimwambia. “Hizo nyingine sijaziona. Ila Cyusa utamwambia wewe akubali.”

Cyusa alikuwa mgumu, akasema padri atatushangaa. Sijui Jovia alimwambia nini. Cyusa alirudi akasema nikaichapishe, kubwa.

Jumapili ikawekwa mbele, mshumaa pembeni. Mimi nikakaa benchi la kwanza, nikavua kofia, nikaiweka mapajani. Ni ileile ya kwenye picha. Jovia akaiona, akamgusa Athanasie. Benchi lao likaanza kutikisika. Wakainama, vitambaa usoni. Padri aliwasubiri, kisha akasema Mungu anayaona machozi ya marafiki wa kweli. Likatikisika zaidi. Na mimi nilitikisika kidogo, na si kwa kicheko tu.

Nje Eustache akanivuta kando, akauliza picha nzuri hivyo niliipata wapi. Nikamwambia Febronia alikuwa na mambo mengi. Hilo ni kweli. Akasema angependa na yeye amwone mke wake anacheka hivyo. Nikamwambia asubiri wiki mbili.

Jovia alifaulu. Siku hizi Eustache anapanda, mbele, amefunga mkanda, ameshika mlango.

Jioni ile ya misa niliandika neno langu la kwanza chini ya picha ya Febronia, herufi moja moja, kwa sauti kama yeye: #mzeeameona. Kufikia kesho yake picha zilianza kuondoka kwenye lile neno la zamani. Mia mbili zikawa tisini. Majirani wote wamehama. Bado zile za Bukoba na Dodoma, wao hawana habari zangu.

Sijui wamehamia neno gani. Nimejaribu #babaasijue, nikakuta mtu na kuku zake. Jovia haniambii. Nikipita kwenye mashine anageuza simu.

Ila siku nyingi alikaa meza moja na mke wangu. Akiandika, midomo inacheza. Nimesogeza kiti karibu naye.