Kura Ambayo Hinrich Tebbe Hakuipiga

Hinrich Tebbe alikaa miaka kumi na minne katika bunge la jimbo, na mwishowe alichokitaka kilikuwa kimoja tu: wilaya ya Ahlbeke isifutwe. Aliingia Ahlbeke mwaka arobaini na saba akitoka kwenye kifungo cha vita Urusi, mifupa mitupu, na ofisi ya wilaya ndiyo iliyompa chumba na kibali cha makaa ya kuota moto. Basi akaipenda ile wilaya mpaka herufi za jina lake kwenye namba za magari ya pale.

Halafu wakubwa wa mji mkuu wakaamua wilaya ni nyingi mno, ndogo zimezwe na kubwa. Tebbe akahangaika. Akahudhuria kila sherehe ya zimamoto, akanywa bia asizozitaka, akakusanya saini mpaka miguu ikavimba.

Bungeni pale kuna desturi. Mbunge wa upande mmoja akiugua, mmoja wa upande wa pili humpa mkono na kukaa nje wakati wa kura, ugonjwa usije ukaamua sheria. Haikuandikwa popote, ni mkono tu. Mwezi wa pili Gerold Pohlmann, mwalimu wa zamani, mbunge wa chama pinzani, akalazwa kwa ugonjwa wa moyo, na Tebbe akampa mkono pale pale kitandani. Wiki ile zilitarajiwa kura za bei ya maziwa na za mitaro, basi. Siku mbili baadaye ratiba ikapanguliwa, kura ya wilaya ikaletwa Alhamisi.

"Nenda kamwambie akuachilie," mkewe, Alwine, alimwambia. "Mtu mzima yule, ataelewa."

"Mkono nimeshautoa."

"Mkono, mkono. Ukishaizika hiyo wilaya utakula mikono?"

Akaenda hospitali kweli, na mayai ya kuku wake mkononi. Akafika mpaka mlangoni. Pohlmann alikuwa macho, anatazama dari, uso wa kijivu. Kumwomba mgonjwa akurudishie neno lako? Tebbe akaona haya, akamwachia muuguzi mayai, akarudi zake. Hapo ndipo mimi jirani yake ninaposhindwa kumvumilia hadi leo. Mdomo si alikuwa nao?

Alhamisi akakaa kantini ya bunge, kahawa ikampoa mbele yake. Ahlbeke ikafutwa kwa kura moja; yake ingezisawazisha, na sheria ingeanguka.

Nyumbani watu hawakumtukana, wangemtukana angepumua. Walimwita Bwana Kantini, na kilabuni meza nzima ilinyamaza kila alipovuta kiti. Uchaguzi ulipokaribia, chama kikamweka wa arobaini na moja kwenye orodha ya wagombea, maana yake kaa nyumbani, mzee.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, Pohlmann akaja kwa treni, amepona, kumshukuru. Alwine akawakatia keki.

"Ila Ahlbeke iliniuma," Pohlmann alisema. "Mke wangu kazaliwa huku. Wenzangu chamani walijua kabisa siipendi sheria ile. Nilijua utakuja kuniomba, Bwana Tebbe. Nilikungoja mpaka Alhamisi asubuhi. Ningekuachilia kabla hujakaa kwenye kiti."

Tebbe akaisogeza sahani yake pembeni.

"Sikutaka kukusumbua," alisema.

Alwine akaweka kisu mezani, akaingia jikoni, akafunga mlango.