Kalamu ya Bibi Iliyojazwa Piko

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua kava la simu, nikajikuta nimeganda mbele ya ghorofa refu lenye maduka ya vioo. Muuzaji akaniita, "Dada, karibu, unatafuta nini? Vyote vipo." Nikamwonyesha simu yangu. Moyoni nilikuwa natafuta baraza ya saruji, meza moja ndogo, na mzee mnene aliyekuwa akitengeneza saa na kalamu za wino mahali pale pale. Nikanunua kava langu nikaondoka.

Ngoja nikusimulie. Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na bibi yangu Magomeni. Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja, kuchambua mchele na kufuata maandazi, na ile harufu ya iliki ilinishinda kila siku, nikifika nyumbani moja limeshamegwa. Bibi alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, katika kisomo cha jioni, na alipofaulu babu akamzawadia kalamu ya wino, nyeusi, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Babu akafariki. Kalamu ikabaki kabatini, imefungwa kwenye leso, maana Bibi aliuonea aibu mwandiko wake. Barua za kwenda kwa dada yake, Lindi, aliandikiwa na jirani.

Mwaka ule Bibi na dada yake walikuwa wamegombana, hawasalimiani kabisa, na mwenye kosa alikuwa Bibi. Alitaka kuomba radhi. Tatizo ni kwamba jirani, Mungu amrehemu, hakuwa na kifua. Neno likipita kwake, mtaa mzima unalo. Kwa hiyo Bibi akaamua kuandika kwa mkono wake, na msafiri wa kuipeleka barua alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri. Nikampa peni yangu ya shule. Akaisukuma pembeni. "Radhi haiombwi kwa kalamu ya kuazima," akasema, akanituma nikajaze ile ya babu.

Chupa ya wino ilikuwa imekauka. Kwa jirani mwingine kulikuwa na harusi, wanawake wanapakana piko, na mimi nilipoliona lile bakuli jeusi nikajiona nina akili kuliko wote. Kama piko inakaa mkononi wiki nzima, kwenye karatasi si itakaa milele! Nikaijaza kalamu mpaka ikashiba, kisha nikakaa kidogo kuangalia ngoma. Kufika nyumbani, kalamu imeziba. Bibi akaitikisa, akaigonga kiganjani, wapi. Hakunipiga. Alikaa tu kitandani ameishika, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Tukavuka Jangwani kwa miguu, jua la mchana utosini, hadi Kariakoo, kwa yule mzee fundi wa saa na kalamu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Humu mmetia nini?"

"Piko."

Alicheka mpaka meza ikatikisika. "Mmempamba bi harusi hata posa haijaletwa!"

Lakini alipoanza kazi hakucheka tena. Sijaona hadi leo vidole vinene vyenye adabu kama vile. Aliifungua kalamu taratibu, akailoweka nibu, ile ncha ya kuandikia, katika kikombe cha maji ya uvuguvugu alichokiazima kwa muuza kahawa, nami nikawa nabadilisha maji kila yakigeuka meusi. Nyuma yetu wasukuma mikokoteni walikuwa wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Yeye wala hageuki. Kifuko cha ndani cha kutunzia wino kilikuwa kimeoza kwa uzee, akatengeneza kingine kwa mpira wa valvu ya baiskeli, akaufunga kwa uzi. "Kitu kikigoma usikitukane," aliniambia. "Kisikilize." Nilimpenda mzee yule palepale.

Alipokwisha kutia wino hakuijaribu. Akampa Bibi. "Nibu huzoea mkono wa mwenyewe, mama. Andika wewe."

Bibi akaandika neno moja, polepole, ulimi umemtoka pembeni. Kisha la pili. Kisha akavuta karatasi karibu na hakuacha tena. Fundi alipoona hivyo aligeuza kiti chake, akatupa mgongo, akawa anatazama barabara mpaka Bibi alipomaliza barua nzima. Wateja wawili walikuja, akawaambia wasubiri.

Hakuna jibu lililokuja kwa maandishi. Alikuja dada mtu mwenyewe, na mfuko wa korosho, akasimama mlangoni na barua mkononi. "Ningeona mwandiko mzuri wa jirani yako nisingekuja," alisema. "Nilipoona haya makorongo, nikajua ni wewe kweli." Wakakumbatiana, wakalia, na mimi nikalia pia.

Bibi, dada yake na yule fundi, wote watatu wametangulia mbele ya haki. Siku hizi mtu akinikosea, naye akajirudi, ananitumia ujumbe kwenye simu. Herufi zimenyooka, hakuna hata moja iliyotetemeka. Huwa nausoma mara mbili, mara tatu, nikimtafuta mtu mle ndani.