Bima ya Siku Tano Ufukweni

Walisema sitafika. Jengo la Tianxiu, kule Guangzhou, China, lina ghorofa nyingi za maduka na ofisi, na mwaka ule wa barakoa nadhani kila ghorofa ilikuwa na mtu wa kuniambia hivyo. Dada mmoja wa Unguja, msafirishaji wa mizigo ambaye ofisi yake ilipakana na duka langu, alinikopesha nauli ya treni huku akicheka.

"Shika, bwana. Lakini weye hufiki. Watakurudisha na soksi zako."

Jirani wa upande wa pili, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa akinunua mashati, alinikopesha pesa ya kula. Naye akaongeza yake: "Mwalimu, bibi yako utamuona mu telefone tu." Bibi, kwao, ni mke.

Waliniita Mwalimu kwa sababu ya diploma, na sioni aibu kuitaja. Niliingia Guangzhou sina mjomba wala shangazi wa kunipokea. Mchana nilibeba magunia ya nguo pale soko la Shahe, jioni nikasoma Kichina, na baada ya miaka mitatu nikapewa diploma yenye jina langu. Kulikuwa na watu wamekaa pale miaka kumi, bado wanaulizana bei na wenye maduka kwa kuonyeshana kikokotoo. Mimi nilikuwa nikibishana na laoban, mwenye duka, mpaka ananiletea kiti.

Nilikopa kwa ajili ya mke wangu. Alikuwa akisoma shahada ya pili katika mji wa bara, na chuo chao kilikuwa kimefunga mageti kwa zaidi ya mwaka. Tulikuwa nchi moja, na sikuwa nimemshika mkono muda wote huo. Sasa alikuwa amemaliza masomo, na ndege ya kumrudisha nyumbani ilikuwa inaondokea mji mwingine kabisa. Guangzhou hakuweza kuja, maana aliyeingia mtaa wetu siku zile hakuwa na hakika ya kutoka. Tukachagua mji mdogo wa pwani, siku tano. Chumba alilipia yeye kwa akiba yake ya chuo, chenye dirisha linalotazama maji. Baada ya hapo angeondoka, nami sikujua ningemfuata lini, kwa sababu duka langu lilikuwa limejaa mizigo ambayo hakuna mteja aliyeweza kuja kuichukua.

Nikakata bima ya safari kwenye simu.

"Mtu anakata bima ya kwenda kuogelea!" alisema dada wa Unguja. "Kwani hiyo bahari itakula nini kwako?"

Nilimwacha acheke. Nilisoma mkataba wote, herufi ndogo kama sisimizi, na kamusi niliifungua mara sita tu.

Nikiwa njiani, mgonjwa wa korona alipatikana kwenye barabara ya nyuma ya jengo letu. Niliposhuka kwenye treni, alama ya afya kwenye simu yangu, ambayo bila kijani hupiti popote, na iliyokuwa ya kijani asubuhi, ilikuwa imegeuka njano. Mama mmoja aliyevaa vazi jeupe la plastiki tangu kichwani hadi miguuni alinitoa kwenye foleni. Akanipa njia mbili: nipande treni ya kurudi saa ileile, au nikae karantini pale mjini siku saba.

Ndege ya mke wangu ilikuwa siku ya sita. Nilimwona ng'ambo ya vizuizi vya chuma, na mwavuli wake wa bluu, akinyoosha shingo. Nikampigia.

"Rudi, mume wangu," alisema. "Utafungiwa bure, na deni juu."

"Subiri nisome."

"Usome nini tena?"

Nilifungua mkataba palepale. Yule mama alikuwa akitazama kidole changu kinavyoshuka.

"Unazisoma hizi?"

"Nina diploma," nikamjibu.

Kifungu kilikuwa wazi. Aliyerudishwa alikotoka halipwi. Aliyejitenga nyumbani kwake halipwi. Aliyewekwa karantini mahali palipoteuliwa na serikali analipwa kwa kila siku, mradi alete cheti chenye muhuri. Watu wa Tianxiu niliwaambia nilibaki kwa ajili ya kifungu hicho. Ukweli ni kwamba kabla sijajibu nilimuuliza yule mama jambo moja tu: hoteli ya karantini ina madirisha ya barabarani?

Akasema yapo.

Nilipewa chumba ghorofa ya nne. Dirisha lilifunguka kiasi cha kupitisha kiganja. Mke wangu aliazima kigoda chekundu cha plastiki kwa muuza tambi, akakaa ng'ambo ya barabara, simu sikioni.

"Punga, nijue ni dirisha lipi."

Nikapunga taulo.

"Nimekuona. Lakini kuna mzee ghorofa ya pili naye ananipungia. Nimpungie?"

"Mpungie, lakini kidogo."

Siku tano tulizokuwa tumezingoja zikapita hivyo. Alikuja asubuhi, akaenda kula, akarudi. Siku moja alipata muhogo sokoni, akamwomba mwenye tambi amchemshie, akampa mhudumu aniletee. Ulifika umepoa, ndani ya mfuko uliopuliziwa dawa mpaka ukanuka kama hospitali. Niliula wote nimesimama dirishani ili anione. Aliniambia chumba chetu kina vitanda viwili vilivyounganishwa, na kwamba analala upande wa ukutani, upande wangu ameuacha umetandikwa. Mimi, niliyekuwa na maneno ya kumnyamazisha laoban yeyote, nilivuta tu kitanda changu mpaka dirishani.

Siku ya sita alikuja na sanduku. Hakukaa.

"Nikipunga nitalia," alisema, "kwa hiyo sipungi."

Teksi ikaja. Yule mzee wa ghorofa ya pili ndiye aliyempungia mpaka gari likakata kona. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kioo.

Nilitoka siku ya nane na cheti changu. Kampuni ya bima ilikataa mara ya kwanza: cheti hakina namba ya pasipoti, hakuna malipo. Nilibishana nao kwa simu kwa Kichina kilichonyooka, nikakirudisha cheti kwa waliokitoa, kikaandikwa upya na kugongwa muhuri mwekundu. Wakalipa siku zote saba. Nani mwingine Tianxiu nzima aliwahi kulipwa kwa kulala?

Dada wa Unguja alipokea pesa yake, akaigeuzageuza. "Kumbe ulifika!"

"Nilifika."

"Na bahari?"

"Sikuiona."

Safari hiyo hakucheka. Mkongomani alichukua zake, akanishika bega, akasema, "Pole, Mwalimu."

Akabaki wa kulipwa mke wangu, pesa yake ya chumba. Alikuwa amefika nyumbani Tanga, lakini simu yake ya China bado ilifanya kazi. Nikamtumia. Kwenye simu za China, pesa usipoibonyeza kuipokea ndani ya siku moja hurudi kwa mtumaji. Ikarudi. Nikatuma tena, ikarudi tena.

"Mbona hupokei?"

"Deni langu nalipwa mkononi."

Kwa miezi mingi kila mwisho wa wiki nilimtumia, na kila mara niliikuta imerudi. Nikaanza kuuza mzigo kwa hasara, jambo ambalo sijawahi kulikubali mbele ya mtu, mpaka nikapata tiketi ya kurudi nyumbani.

Leo nina duka langu Tanga, diploma iko ukutani, na watu huniletea mikataba ya Kichina niwasomee. Ila nikiona kigoda chekundu cha plastiki barabarani, hupunguza mwendo.

Siku niliyotua, mke wangu alikuwa mbele ya watu wote waliokuja kupokea wageni, barakoa ameishusha kidevuni. Nilimpa bahasha ya pesa yake kabla ya kumpa sanduku. Hakuihesabu. Aliitia mkobani, akanishika mkono, akaukandamiza kama anayekagua kitambaa dukani.

"Hudaiwi," alisema. "Twende."