Pilipili ya Karanga Aliyoitaka Baba

Kwetu Tabora, kabla hujakaanga pilipili kavu ulitangaza. Nyumba yetu, kando ya njia ile ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, ilikuwa na familia nne na ua mmoja. Mama alisimama katikati ya ua na kusema kwamba anaweka pilipili jikoni. Watu walitoka barazani na watoto wao, wengine wakinung'unika, wakarudi moshi ukishaisha. Asiyetangaza alihesabiwa hana adabu. Siku hizi watu wanamimina pilipili ya chupa juu ya karanga za kopo, wanasema wamepika. Nawahurumia.

Mama alianza na karanga. Alizikaanga bila mafuta kwenye kaango la udongo, taratibu, mpaka ganda jekundu likawa linatoka lenyewe ukilisugua viganjani. Kaango likiwa bado la moto alitia pilipili, akazigeuza mpaka zikaiva na kuanza kuwa nyeusi. Vyote vilitwangwa kinuni pamoja na kitunguu saumu na chumvi, halafu vikatiwa maji ya moto kidogo na ndimu. Kwa pilipili hiyo baba alimaliza ugali hata pasipo mboga.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alipopata maradhi ya kifua, mama aliacha kukaanga pilipili kwa kuogopa ule moshi. Aliziloweka tu, akazitwanga. Baba alisema hazina ladha, akawa anaacha chakula. Alikonda hata mashati aliyojishonea mwenyewe yakampwaya.

Ndipo bibi, mama yake mama, alipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Ipole. Lori lilimteremsha kwenye kiwanja kitupu, na mama akaenda kumsaidia kusimamisha nyumba kabla ya mvua. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliachiwa baba na agizo moja: nisikaange pilipili.

Kufikia siku ya tatu baba alikuwa hajala zaidi ya vijiko viwili vya uji. Aliniita kitandani kwake.

"Mwanangu," aliniambia, "nikaangie pilipili kama anavyokaanga mama yako. Nataka kula."

Nilimkatalia mara moja, nikashindwa kumkatalia mara ya pili. Nilitangaza uani. Jirani mmoja akaniuliza kama nimesahau kuna mgonjwa ndani. Nikamjibu kuwa mgonjwa ndiye aliyenituma. Nilihamishia jiko mwisho wa ua, nikamfungia baba mlango na dirisha, lakini upepo uligeuka. Nilimsikia akikohoa muda mrefu, nami niliendelea kukaanga, maana niliogopa zaidi kumrudia mikono mitupu.

Alikula ugali wote. Jasho lilimtoka, macho yakawa mekundu, akaomba nimwongeze. Nilifurahi mno, siwezi kusema uongo. Nilikaanga tena kesho yake na kesho kutwa. Mama aliporudi sikumwambia, na baba hakumwambia.

Mvua zilipoanza, baba alifariki. Niliamini mimi ndiye niliyemuua. Niliamini hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, nimeolewa, nimezaa, na nyumbani kwangu pilipili haikaangwi.

Mama alikuwa mzee tayari siku nilipomwambia. Alikuwa amekuja kunitembelea, na tulikuwa tumekaa mkekani tukichambua karanga. Nilimweleza yote bila kumtazama. Nilitaka anigombeze, nadhani ningepumua.

"Majirani waliniambia siku ileile niliyorudi," alisema.

Nilimuuliza kwa nini basi alininyamazia miaka yote hiyo.

"Baba yako alinibembeleza miezi mitatu, nikamnyima. Ugonjwa ule ulikuwa unamchukua tu, nimnyime nisimnyime. Na chakula cha mwisho alichokifurahia hakukipata mkononi mwangu. Nilikuonea wivu, mwanangu. Ningeanzaje kukuambia?"